Nilivyochonga maua ya shetri la bagala, Dodoma

Babu mzaa mama alikuwa baharia wa Pangani. Uzeeni alihamia kwa mama, hapa Nkuhungu, na jioni alikuwa akituchorea chombo mchangani kwa bakora yake: mkuku, hanamu, mlingoti, foromali. Akifika nyuma, kwenye shetri, hapo ndipo alipokuwa akikaa sana. "Madirisha matano, mjukuu wangu, na maua pande zote, kama mlango wa Unguja." Alikuwa akisimulia bagala, vile vyombo vikubwa vilivyokuwa vinakuja na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, vinarudi kwao na kusi. Mimi bahari nimeiona nikiwa mtu mzima, lakini shetri lile nililijua nikiwa sijaanza shule.

Mwaka juzi niliamua kumuundia bagala ndogo ya mfano. Ameshatangulia mbele ya haki, ila mama yupo. Mimi ni fundi samani, kwa hiyo mwili wa chombo haukunipa tabu: kipimo cha 1 kwa 50, urefu sentimita 56, mbao za mninga zilizobaki kwenye kazi za vitanda. Kwa mapambo nilifuata maneno ya babu pamoja na picha za Fatah al-Khair, chombo kilichoundwa Sur, Oman, mwaka 1951 na kuhifadhiwa hapohapo Sur. Chenyewe ni ghanja, si bagala, lakini ni ndugu wa damu; shetri lake limechongwa kwa mtindo uleule.

Kazi ilikuwa maua. Waridi ambalo kwenye chombo chenyewe ni la sentimita 40, upana wa sinia, kwangu lilitakiwa liwe la milimita 8. Punje ya hindi. Nilihitaji 34.

Nilianza na mninga kwa sababu ulikuwepo. Ni mti ninaoupenda kuliko yote kwa kabati na mlango, lakini kwa ua la milimita 8 vinyweleo vyake ni mashimo: petali inakatika kabla hujaimaliza. Nikajaribu mpingo. Haukatiki ovyo, lakini ni mgumu mno kwa patasi zangu, na weusi wake unameza kivuli. Ua lisilo na kivuli halionekani kuwa limechongwa, hata ukilifanyia kazi usiku kucha.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Chamwino anayetengeneza ala za muziki, zeze na ilimba. Nilimwendea Jumapili, nikamwamkia "Mbukwenyi," nikamwonyesha vipande vyangu vilivyovunjika. Aliviangalia muda mrefu akivigeuza kwenye kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumbani kwenu hamna mndimu?" Tulikuwa nao, nyuma ya bafu. Mti wa mndimu una rangi ya siagi, nyuzi zake zimeshikana, vinyweleo huvioni kwa macho. Kisu kikipita unabaki ukingo mkali kama wa karatasi.

Nilikata tawi nene kama mkono, nikaliacha kibarazani. Ilikuwa Julai. Wanaoijua Dodoma wanaujua upepo wa Julai: ndani ya siku sita tawi lilikuwa limepasuka kutoka mwisho mmoja mpaka moyoni. Nilirudi kwa mzee. Akanielekeza nilipasue tawi lingine katikati likiwa bado bichi, nitoe kile kiini, nipake ncha nta ya mshumaa, nifunge vipande kwenye gunia na kuviweka ndani, chini ya kitanda. Vilikaa huko miezi mitano. Havikupasuka hata kimoja.

Patasi nazo zilikuwa kubwa mno, na bobari yangu ndogo kabisa, ile patasi ya mdomo wa mviringo, ilikuwa pana kuliko ua zima. Nilipata nilichotaka kwa fundi viatu wa Sabasaba, kwenye rundo la miavuli mibovu. Njiti ya mwavuli ukiikata utaona haikujaa, ni mfereji wa chuma wenye upana wa milimita 3 hivi. Niliinoa kwa nje juu ya msasa namba 1000 uliobandikwa kwenye kioo, ndani nikapitisha msasa uliokunjwa, nikaimalizia kwenye ngozi ya mkanda wa zamani. Mpini ni kipande cha mpera. Ukiisimamisha wima na kubonyeza, inaacha alama ya ncha ya petali, moja kwa moja, bila kuchora.

Bado maua yalikuwa mabaya. Nilikuwa nachonga petali 16 kama zilivyo kwenye picha, na nikisogea hatua mbili naona vumbi tu. Wiki tatu zilipita hivyo, mpaka usiku mmoja nikachonga ua la petali 6 kwa hasira. Sita ni rahisi: bikari iliyochora duara, ukiiacha bila kuigusa, inazunguka duara lile mara 6 kamili. Nikaliweka kando, taa ikilipiga kutoka ubavuni. Lilikuwa waridi. Zaidi ya nusu ya mistari nilikuwa nimeiondoa, na ndipo ua likaonekana. Tangu hapo kila pambo nililiuliza kwanza nini kitoke. Mnyororo unaozunguka madirisha nilipunguza pete zake kwa nusu, kila moja nikaikata kwa kina zaidi. Kina ndicho kinachobeba umbo.

Jambo moja la kiufundi limeniokolea vidole. Usichonge kipande kilicho huru. Mimi nagundisha ubao mwembamba wa mndimu juu ya ubao mnene, katikati naweka karatasi ya gazeti, nabana ubao mnene kwenye jiliwa. Nikimaliza, napitisha wembe pembeni, karatasi inachanika yenyewe na ua linatoka zima.

Kwenye kung'arisha nilikosea tena. Nilipaka mafuta ya alizeti. Hayakukauka, yakabaki yananata, na vumbi jekundu la hapa likajaa kwenye kila petali. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki siku mbili nzima. Sasa natumia nta ya nyuki, ya kutoka Manyoni, niliyoilainisha kwa tapentaini, kidogo sana. Mabaharia wenyewe walipaka sifa, mafuta ya samaki. Babu alisema harufu yake haitoki kwenye nguo mpaka nguo ife. Hiyo sikuthubutu kuileta ndani kwa mama.

Shetri lilikamilika Februari. Mama alivaa miwani, akagusa madirisha kwa kidole kimojamoja, akihesabu kimyakimya, kisha akauliza lile la omo, la mbele ya chombo, litakuwa lini. Alimaanisha pambo la kichwa cha hanamu, ule mti unaoinuka mbele ya chombo. Nimeshaharibu mawili. La tatu litatokana na vipande nilivyovifunga kwenye gunia mwezi Machi, na sivifungui kabla ya Agosti.