Hicho kiboksi cha kukubali kuki cha nini jamani?

Siku hizi hata ufungue websaiti ya gesti ya hapahapa Tanga, kabla hujaona bei ya chumba kinapanda kiboksi kutoka chini kimeandikwa Kiingereza, sijui tunajali faragha yako, bonyeza ukubali. Na wote tunabonyeza, nani ana muda wa kusoma, we si unatafuta namba ya simu tu.

Mi natengeneza websaiti, wateja wangu wengi wa Ngamiani na Chumbageni, sasa kuna mzee mmoja ana nyumba ya wageni kule Raskazone kanijia juu, "mwanangu, mbona ya kwangu haina kile cha kukubali, za wenzangu zote zinacho!" Nikamuuliza, mzee wangu, kwani unajua kinafanya kazi gani? Hajui, ila anaona kinaleta hadhi.

Haya. Kuki ni kamaandishi kadogo ambako websaiti inakaacha kwenye brauza yako (kama Chrome) ili ukirudi ikukumbuke. Alikaleta Lou Montulli mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza brauza, na shida yao ilikuwa kikapu cha manunuzi, yani ukichagua kitu halafu ukahamia ukurasa mwingine kisipotee. Hapo hakuna ubaya wowote. Ubaya ulikuja na watu wa matangazo, kampuni moja inapachika kuki zake kwenye websaiti kibao halafu inajua jana ulisoma nini, leo umetafuta viatu gani, na we hujaambiwa kitu. Ndo Ulaya wakaweka sheria inayogusa kuki 2002, wakaikaza 2009, halafu 2018 ikaja GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi. Lakini sheria hiyohiyo ya kuki inasema kuki za lazima, kama za kikapu au za kuingia kwenye akaunti, huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Hapo ndo watu wanaporuka.

Sasa websaiti ya mzee ina picha za vyumba, bei, picha ya ramani na namba ya WhatsApp. Haiweki kuki hata moja. Kiboksi cha nini? Ni sawa na kupiga hodi nyumbani kwako mwenyewe.

Na vingi vya hivi viboksi ni urembo mtupu manake vinakuja na tempuleti ya bure, yani websaiti iliyoundwa tayari, mtu anapachika hivyohivyo, ukichungulia unakuta kuki za wafuatiliaji zimeshaingia kabla hata hujabonyeza chochote, na kiboksi chenyewe kinavuta mafaili kutoka mbali kinakula bando la mtu bure. Kitufe cha kukataa ndo usiseme, kimefichwa huko ndani. Hata wakubwa wamefanya huo mchezo, Januari 2022 Ufaransa iliwapiga faini Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. GitHub, websaiti ambako watu wa programu wanahifadhi kodi zao, wao Desemba 2020 waliona isiwe tabu, wakatoa kuki zote zisizo za lazima na kiboksi kikaondoka nazo. Mi ndo njia naipenda hiyo.

Nikamwambia mzee, kama unataka kujali faragha za watu anza na lile daftari la wageni pale mapokezi, liko wazi muda wote, majina na namba za simu, kila anayeingia anajua nani kalala lini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, na mambo ya namna hiyo ndo yanayoihusu. Akacheka, ila daftari siku hizi linakaa ndani ya droo.

Kiboksi kaniachia. Sasa anataka mtu akifungua tu websaiti ianze kupiga taarabu, na hapo bado tunabishana.