Miche yenye miguu ya korongo

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilifungua pazia la sebule nikakuta miche yangu ya nyanya imelala. Haikuwa imenyauka. Majani yalikuwa ya kijani na udongo ulikuwa na unyevu, lakini vishina vilikuwa vimerefuka kama kidole cha kati, vyembamba kama uzi, vyote vimeinamia kioo cha dirisha kama watu wanaochungulia ajali barabarani. Mingine ilishindwa kujibeba ikaanguka. Miguu ya korongo, kichwa cha kifaranga.

Naishi Nairobi, orofa ya tatu, nyumba isiyo na udongo hata wa kujaza kikombe. Mwenye nyumba alituruhusu kuweka ndoo na magunia ya mboga juu ya paa, basi nikanunua mbegu za nyanya aina ya Rio Grande, sukuma wiki na mchicha kidogo. Huko juu ndege hawaachi kitu kichanga, na baridi ya Julai mnaijua. Nikaamua kuotesha ndani, kisha nihamishe miche ikishapata nguvu.

Kuotesha kwenyewe kulinishinda kwa kufanikiwa kupita kiasi. Niliweka trei juu ya friji kwenye vuguvugu, nikaifunika kwa kifuniko cha plastiki, na siku ya sita nyanya zikachomoza. Nilifurahi hata nikaiacha pale siku mbili zaidi, kwenye kona ile yenye giza, bado imefunikwa. Mbegu inahitaji joto ili iote, sawa. Lakini mche ukishatoa kichwa, joto bila mwanga linaufanya ukimbie kwenda juu kuutafuta, na unakimbia kwa akiba iliyokuwa ndani ya mbegu. Hauna muda wa kunenepesha shina. Siku mbili zilitosha kuuharibu mwanzo wote.

Halafu likaja suala la dirisha, na hili bado linanichekesha. Nilikuwa nimefuata maelekezo ya mkulima mmoja wa bustani wa Uingereza: miche ya ndani iwekwe kwenye dirisha linalotazama kusini. Dirisha langu la sebule linatazama kusini. Nikaipanga trei pale kwa majivuno. Zilipita karibu wiki mbili kabla sijajiuliza swali ambalo mtoto wa shule ya msingi angeliuliza: jua la Julai hapa kwetu liko upande gani? Kwa Mwingereza, jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Nairobi tuko kama nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Dirisha langu la fahari halikupata hata mwali mmoja, tena katika mwezi wa mawingu na manyunyu. Dirisha la jikoni, linalotazama kaskazini, ndilo lililopata jua kila mawingu yalipopasuka, nami nilikuwa nimelijaza chupa za mafuta ya kupikia na beseni la vyombo.

Kabla sijagundua hayo, nilihangaika na fimbo. Nilikata vijiti vya mishikaki, nikachomeka kimoja kando ya kila mche, nikafunga kwa uzi wa sufu niliochomoa kwenye sweta kuukuu. Uzi upite kama namba 8, kitanzi kimoja kwenye kijiti na kimoja kwenye shina, kilegee kiasi cha kupitisha ncha ya kalamu. Mitatu niliyoibana ilikatika shingo. Iliyobaki ilisimama, ndiyo, lakini ilisimama kama mgonjwa aliyeshikwa mabega. Na kwa kuwa ilikuwa inalala, nilidhani ina kiu nikaimwagilia asubuhi na jioni. Matokeo yake kinyausi kikaingia: shina linakuwa jeusi na kunywea pale linapogusa udongo, na mche unaanguka mara moja. Mchicha wote ulikwenda hivyo.

Aliyeniokoa ni mama mboga wa getini kwetu, ambaye amekulia Mwea akipalilia nyanya. Nilishuka na trei mkononi nikamwonyesha.

"Kastoma, hii inatafuta jua, wewe umeipa fimbo," akasema.

"Sasa nifanye nini, mama? Nitupe?"

"Utupe nyanya? Izike mpaka shingoni. Haifi hiyo."

Nilidhani ananitania. Kumbe shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi kando kando. Nilichukua pakiti tupu za maziwa za nusu lita, nikatoboa matundu chini, nikakunja mdomo wa pakiti hadi nusu, nikaweka udongo kidogo uliochanganywa na samadi iliyooza. Nikaushika kila mche kwa jani, kamwe si kwa shina, nikauteremsha ndani hadi majani yale mawili ya kwanza yakabaki juu kidogo ya udongo. Shina refu sana nililaza chini likiwa limepinda taratibu. Mche ulipokua, nilikunjua pakiti na kuongeza udongo. Kati ya miche 14 iliyokuwa imebaki, 11 ilipona, na siku niliyoitoa kwenye pakiti nilikuta mizizi imejaa mahali palipokuwa shina tupu.

Sukuma wiki nilikuwa mwangalifu zaidi. Shina lake halitoi mizizi kwa wepesi wa nyanya, kwa hiyo nilifukia mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza ili udongo uishike tu, na maji nikapunguza: kidole kikiingia kikatoka kikavu, hapo ndipo namwagilia.

Duru ya pili niliipanda mwezi uliofuata. Mara tu vichwa vya kwanza vilipoonekana, kabla hata wenzao hawajatoka, trei ilitoka juu ya friji ikaenda dirisha la jikoni. Nyuma yake nilisimamisha boksi la katoni nililolibandika foili ndani, ili mwanga urudi upande wa pili na miche isiegemee. Niliipunguza kwa mkasi, nikiacha nafasi ya vidole viwili, maana miche iliyosongamana inashindana kurefuka. Roho iliniuma kukata kitu kizima, nikakata hivyo hivyo.

Kwa siku za mawingu nilitundika balbu ya LED ya wati 9, ile nyeupe, karibu sentimita 10 juu ya majani, na kuipandisha kadiri yanavyokua. Watu wengi huiacha balbu darini wakadhani miche inaona. Mwanga hufifia haraka mno ukisogea mbali. Niliwasha saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa mbili usiku. Kwa stima, hiyo haifiki hata uniti 4 kwa mwezi mzima. Na kila nikipita jikoni nilipitisha kiganja juu ya miche polepole, kwenda na kurudi mara kadhaa, kwa sababu ndani hakuna upepo wa kuitikisa na mche usiotikiswa hauoni haja ya kunenepa. Mke wangu aliniuliza kama ninaibariki.

Miche ya duru hii ilikuwa mifupi, mashina yake yana rangi ya zambarau kwa chini, na sikutumia kijiti hata kimoja. Fimbo nimeziweka akiba kwa mishikaki. Kosa nililobakiza lilikuwa la haraka: siku ya kwanza paani niliacha mitano juani kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, majani yakababuka yakawa meupe. Iliyobaki niliizoesha kwa wiki nzima, saa moja la jua la asubuhi kwanza, kisha mbili, kisha tatu.

Miche sita ya sukuma nilimpelekea mama mboga, akaikagua mashina kama anayechagua kuku, akaipanda nyuma ya kibanda chake. Sasa ni Oktoba. Juzi niliona jikoni kumeanza kuwa na giza mchana, nikaenda sebuleni kutazama: jua limelala sakafuni hadi kwenye miguu ya kochi. Nimehamisha trei. Mwingereza wangu atakuwa sahihi hadi Machi.