Nilivyorekodi "Malaika" kwa magitaa mawili na kayamba

Kabla ya kugusa gitaa nilisikiliza. "Malaika" imepita kwa waimbaji wengi mno, na wazo lolote utakalokuja nalo huenda kuna aliyekutangulia, kwa hiyo ni heri ulijue mapema. Nilianza na Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliyeirekodi mwaka 1960 na bendi yake Jambo Boys, halafu akairudia mwaka 1963 katika studio ya Equator jijini Nairobi. Nikaenda kwa Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, ile iliyopata Grammy mwaka uliofuata. Nikamalizia na Hep Stars wa Sweden (1967), Boney M. (1981) na Angélique Kidjo kwenye albamu ya Logozo (1991). Kwa kila toleo niliandika mambo manne: kasi, ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), ala zinaingia wapi, na mwimbaji anapaza sauti wapi.

Jambo la nne ndilo lenye faida kuliko yote. Ukilifuatilia utaona waimbaji wengi hupanda wanapomtaja mpenzi, kisha mstari wa kushindwa kwa kukosa mali wanaupitia haraka kama daraja la kurudia jina. Mimi naona uzito wa wimbo uko hapo hapo. Kijana anapenda, anapendwa, na kinachomzuia ni mahari. Ukiuondoa mstari huo unabaki na sifa tupu za msichana. Basi niliamua kubadilisha kitu kimoja tu: kilele kiwe kwenye kushindwa, na kiwe kwa kushusha sauti badala ya kuipaza. Mengine yote niliyaacha karibu na yalivyokuwa. Boney M. waliingiza mdundo wa disko na wimbo ukabaki unatambulika, kwa sababu tuni yenyewe hawakuivuruga. Ukibadilisha kasi, kodi (noti zinazopigwa pamoja), tuni na maneno kwa pamoja, msikilizaji hana tena pa kushika.

Ugumu wa wimbo huu kwa mpangaji ni kwamba tuni ni moja kwa beti zote tatu. Hakuna sehemu ya kati inayopeleka sikio mahali pengine, na kodi ni zile tatu za msingi: ya kwanza, ya nne na ya tano katika ngazi ya noti za ufunguo. Ukiucheza beti zote kwa namna moja, kufikia ubeti wa kidege watu wameshachoka, hata kama sauti ni nzuri. Dawa si kuongeza kodi. Nilijaribu kuweka kodi ndogo (minor) ya sita chini ya mstari wa pesa, na huzuni ikawa ya kulazimishwa. Tuni hii inahuzunisha zaidi ikiwa juu ya kodi kubwa (major) zilizotulia. Dawa ni kupanga nani anacheza wapi. Ubeti wa kwanza ni gitaa moja na sauti moja. Ubeti wa pili linaingia gitaa la pili, juu. Ubeti wa tatu linaingia besi na kayamba, na sauti ya pili kwenye kiitikio peke yake. Kiitikio cha mwisho kila kitu kinatoka, linabaki gitaa la kwanza.

Ufunguo uchague kwa kuimba kiitikio kwa sauti ya chini kabisa unayoweza, si kwa sauti ya jukwaani. Noti ya juu ikikulazimisha kukaza koo, shuka nusu toni, ujaribu tena. Noti ya chini ikipotea na kubaki pumzi tu, umeshuka mno. Kwangu A ndiyo iliyokaa. Gitaa la kwanza nililiwekea kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya 2 na kucheza maumbo ya G, C na D7. La pili kapo freti ya 7, maumbo ya D, G na A7. Yote mawili yanatoa A, D na E7 zilezile, ila moja linalia chini na jingine juu, na hayapigani. Magitaa mawili yakicheza umbo moja kwenye freti zilezile yanazaa sauti moja nene yenye matope, na hapo utahangaika nayo kwenye kuchanganya sauti bila sababu.

Kapo iwekwe karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa, bila kukipanda. Ukiiacha katikati ya nafasi utaibana zaidi ili nyuzi zisikwaruze, na kubana huko kunazivuta, sauti inapanda. Uzi wa 3 ndio wa kwanza kupanda. Kwa hiyo linganisha sauti za nyuzi baada ya kufunga kapo, kamwe si kabla, na urudie kila unapoisogeza. Nyuzi mpya zifunge siku moja kabla ya kurekodi: za dakika ile hulegea na sauti yake hushuka, na za zamani hazina ung'avu wa kutosha kusikika peke yake kwenye ubeti wa kwanza.

Mkono wa kulia ni dole gumba na kidole cha shahada, kama wapigaji wa zamani wa eneo letu walivyozoea. Gumba linabeba besi kwa kupokezana: kwenye umbo la G ni uzi wa 6 kisha wa 4, kwenye C ni wa 5 kisha wa 4, kwenye D7 ni wa 4 kisha wa 5. Shahada inajaza katikati ya mapigo kwenye nyuzi za 3, 2 na 1. Jizoeze kwanza gumba peke yake hadi lijiendeshe bila kufikiria, ndipo uongeze shahada. Kosa linalojitokeza sana ni gumba kupiga kwa nguvu kuliko shahada, na wimbo mpole unaanza kutembea kama gwaride. Legeza kiganja, na piga nyuzi karibu na tundu, si karibu na daraja. Mlio wa vidole kuteleza kwenye nyuzi nene unatokana na kuburuta kidole kutoka kodi hadi kodi. Kiinue kabisa, kisha ukishushe.

Gitaa la pili halichezi kodi nzima. Linajibu. Mwimbaji anapovuta pumzi mwishoni mwa mstari, linapitisha noti nne au tano kwa nyuzi mbili pamoja, zikiwa zimeachana kwa hatua ya sita (noti ya sita ya ngazi, ukihesabu kutoka ile ya chini), kisha linanyamaza. Likisikika wakati sauti inaimba, umelizidisha.

Kasi niliweka mapigo 80 kwa dakika. Chini ya 72 mistari inakatika na mwimbaji anaishiwa pumzi kabla ya neno la mwisho; juu ya 95 inakuwa ile ya kuchangamsha wageni kwenye hoteli za Pwani, ambayo ina mahali pake, lakini haifai kwa mtu anayekiri kushindwa. Metronomu niliitumia kwa gitaa la kwanza tu. Lilipokuwa sawa niliizima, na sauti ikaimbwa kufuata gitaa. Katika kiitikio cha mwisho niliipanga kasi ishuke polepole kutoka 80 hadi 77. Msikilizaji hatambui kwamba imeshuka, ila anahisi kwamba mtu amechoka.

Kwa sauti, neno la kutazama ni jina lenyewe. Lina silabi nne, ma-la-i-ka, na mkazo uko kwenye i. Matoleo mengi ya nje yanabana la na i kuwa kitu kimoja, na papo hapo unajua mwimbaji amekariri. Ipe i noti yake, iingie laini bila kusukumwa na koo. Swali jingine ni la mwanamke anayeimba kwamba angemwoa mpenzi wake. Maoni yangu ni kuacha maneno yalivyo, kama Makeba alivyoyaacha. Mwimbaji anasimulia kwa niaba ya kijana, na kila anayejua Kiswahili analielewa hilo.

Kurekodi sauti ya chini ni kugumu kuliko ya juu, kwa sababu unapandisha geni (nguvu ya maikrofoni kunasa sauti) na kelele za chumba kizima zinaingia. Zima feni na friji. Tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, kwani maikrofoni inaelekea huko. Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni. Ukikaribia chini ya 10 besi inavimba na maneno yanaziba. Maikrofoni yenyewe niliielekeza kwenye pembe ya mdomo, si katikati, kwa ajili ya herufi p: katika mistari ya kupenda na ya pesa inapuliza upepo unaosikika kama mtu amegonga meza. Chujio la upepo linasaidia, lakini haliondoi haja ya kuigeuza. Rekodi kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi), na kilele cha mita kisipite desibeli -12. Hakuna faida ya kusogelea sifuri. Kwenye biti 24 unaweza kupandisha baadaye bila kuleta kelele, wakati sauti iliyopasuka hairudi.

Kwa mstari wa kushindwa, mwimbaji hushusha sauti lakini asisogee mbele. Akisogea, sauti inanenepa na ile hali ya kuishiwa inapotea. Abaki palepale, aimbe kwa pumzi zaidi, na tofauti ya nguvu ikamatwe jinsi ilivyo. Hapo ndipo watu hushawishika kutumia kompresa (kifaa kinachopunguza sauti zinapokuwa kubwa) kali ili kusawazisha, na kazi yote inafutika. Nilitumia uwiano wa 2 kwa 1, ikipunguza desibeli 3 tu kwenye kilele, na maneno yaliyozama niliyainua kwa mkono, moja moja.

Kayamba inataka heshima yake. Ni ala yenye sauti kali ya juu, na ikiwa karibu na maikrofoni itafunika kila s na sh ya mwimbaji. Iweke umbali wa mita moja au zaidi, ichezwe kwa kuinamisha taratibu badala ya kutikisa, mbegu zimiminike kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa mapigo mawili. Kisha punguza masafa ya juu kuanzia 8000 Hz. Ukiizima ubeti upoe, na ukiiwasha usiweze kusema ni nini kimeongezeka, basi kiwango ndicho hicho.

Kwenye kuchanganya sikuwa na mengi. Kata kila kitu chini ya 80 Hz kwenye sauti. Gitaa la kwanza likae karibu na katikati, la pili kulia. Sauti ya pili, inayoimba noti ya tatu chini ya tuni, iwe desibeli 8 hadi 10 chini ya ya kwanza. Mwangwi wa sekunde 1.6 unatosha: kwa mapigo 80 baa moja ya mapigo manne ni sekunde 3, kwa hiyo mwangwi unaisha kabla baa inayofuata haijaanza, na konsonanti hazipotei. Ondoa masafa yaliyo chini ya 250 Hz ndani ya mwangwi wenyewe, la sivyo besi ya gumba inageuka ukungu. Nakala ya kupeleka kwenye huduma za muziki niliiacha kwenye -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Ukiisukuma ishindane na nyimbo za dansi, ule ubeti wa gitaa moja unakuwa na sauti sawa na ubeti wenye ala zote, na mpango mzima unakufa.

Limebaki suala la haki, na usilipite kwa kudhani wimbo huu ni wa zamani kiasi cha kuwa wa kila mtu. Sheria ya Kenya inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kama mtunzi, ingawa Adam Salim wa Tanzania na Grant Charo pia wamehusishwa na utunzi huo, na mzozo haujamalizika. Kwa vitendo maana yake ni hii: kutoa rekodi ya sauti kunahitaji leseni ya utunzi, na kuweka wimbo juu ya video ni kibali kingine cha mwenye haki, kinachoombwa peke yake. Kwenye majukwaa ya video mfumo unaweza kuitambua tuni hata kama umeimba mwenyewe, na mapato ya matangazo yakaenda kwa anayedai haki. Jaza sehemu ya mtunzi kwa jina lake, na sehemu ya mwimbaji kwa lako. Ukiandika "wimbo wa asili" ili kukwepa ada unamnyima mtunzi haki yake, na nyimbo za kwetu zimeshaporwa kwa njia hiyo mara nyingi mno.