Kushusha volti na spidi ya prosesa kwenye Nexus 5 yenye ruti ili betri idumu

Watu wengi wakishapata ruti (root, yaani ruhusa kamili juu ya mfumo wa simu), kitu cha kwanza wanachogusa ni spidi ya juu ya prosesa. Wanaikata nusu, simu inakuwa nzito, na jioni betri inaisha saa ileile. Hesabu yake ni fupi. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hufuata spidi, mara volti, mara volti tena. Ukipunguza spidi nusu na kuacha volti palepale, kazi itachukua muda mara mbili na nishati ya kuimaliza itabaki karibu ileile, huku skrini ikiendelea kuwaka. Lakini ukishusha volti kutoka milivolti (mV) 1000 hadi mV 925, kazi ileile inaisha kwa nishati pungufu kwa karibu asilimia 14, na simu haipotezi kasi hata kidogo. Faida iko kwenye volti. Spidi tunaigusa kwa sababu ngazi zake za juu kabisa ndizo zinazodai volti kubwa.

Mfano wangu ni LG Nexus 5 ya mwaka 2013: Snapdragon 800, viini (core) vinne vya Krait 400 vinavyofika GHz 2.26, na betri ya mAh 2300, ambayo ni ndogo kwa prosesa ya namna hiyo. Naichagua kwa sababu kila kiini kina spidi na volti yake, na wasanidi walifungua jedwali lote la volti. Kerneli (sehemu ya mfumo inayoongoza maunzi ya simu) ya kiwandani haina jedwali hilo. Unahitaji kerneli kama ElementalX au franco.Kernel, inayolingana na toleo lako la Android.

Kabla ya kunakili namba za mtu kutoka kwenye kundi la WhatsApp, jua kwamba Nexus 5 mbili si lazima zilingane ndani. Qualcomm hupima kila chipu na kuichomea daraja linaloitwa PVS, kuanzia 0 hadi 6. Chipu ya daraja la juu hupewa volti ndogo tangu mwanzo kwa sababu imepimwa ikaonekana inaziweza. Volti inayotosha chipu ya PVS 5 inaweza kuigandisha chipu ya PVS 1 papo hapo. Washa simu, na mapema kabla kumbukumbu za kerneli hazijafutika, fungua programu ya kuandika amri (terminal), ingia kama ruti kwa `su`, na andika:

dmesg | grep -i pvs

Maandalizi ni machache ila hayarukwi. Kufungua butloda (bootloader, programu ndogo inayoiwasha simu) kunafuta data zote, kwa hiyo hamisha picha na namba za watu kwanza. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu yenye ruti. M-Pesa ya *150*00# haina shida hiyo, lakini aliyezoea programu ajipange. Weka TWRP (mfumo wa uokoaji unaowaka nje ya Android), chukua nakala kamili ya mfumo, na nakala hiyo ikae kwenye kompyuta, si ndani ya simu tu. Hifadhi pia faili la boot.img la kerneli unayoiamini. Simu ikigoma kuwaka, `fastboot flash boot boot.img` inairudisha kerneli hiyo ndani ya dakika moja.

Sasa angalia prosesa yako inaishi wapi. Baada ya siku ya matumizi ya kawaida, soma:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/stats/time_in_state

Safu ya kwanza ni spidi kwa kHz, ya pili ni muda, na kila 1 ni sehemu ya mia ya sekunde. Nexus 5 ina ngazi 14, kuanzia 300000 hadi 2265600. Ukikuta muda mwingi umelala kwenye 300000 na kidogo sana kwenye 2265600, basi kukata spidi ya juu hakutakupa mengi. Ukikuta 1958400 na 2265600 zina muda mrefu wakati hukucheza gemu lolote, kuna programu inakimbia nyuma ya pazia. Hiyo itafute kwanza kwenye orodha ya matumizi ya betri. Na jambo hili husahaulika sana: simu ikiwa kwenye usingizi mzito, viini vimekatiwa umeme kabisa, na jedwali la volti halina kazi. Kama chaji inashuka usiku kucha simu ikiwa mezani, tatizo ni programu inayoiamsha au mtandao dhaifu, na hakuna milivolti itakayoliponya.

Dari la spidi ninalolipendekeza kwa Nexus 5 ni 1574400. Chini ya hapo, mfano 1190400, kurasa nzito za intaneti zinaanza kukwama, na unarudi kwenye ile hesabu ya skrini kuwaka muda mrefu. Amri inarudiwa kwa viini vyote vinne:

for c in 0 1 2 3; do
echo 1574400 > /sys/devices/system/cpu/cpu$c/cpufreq/scaling_max_freq
done

Hapa ndipo wengi wanapodhani amri imekataa. Qualcomm ina huduma iitwayo mpdecision inayozima na kuwasha viini kulingana na kazi. Kiini kilichozimwa hakipokei namba, na kikiwashwa kinaweza kurudi na dari la zamani. Andika `stop mpdecision`, washa kila kiini kwa kuandika 1 kwenye faili lake la `online`, weka dari, kisha `start mpdecision`. Kerneli nyingi za wasanidi zimeshaiondoa huduma hiyo na kuweka ya kwao, kwa hiyo angalia kwanza kama ipo. Dari likiendelea kujirudisha, weka `chmod 444` (ruhusa ya kusoma tu) kwenye faili husika. Husaidia mara nyingi, si mara zote, kwa maana huduma yenye ruti inaweza kuipita ruhusa hiyo. Spidi ya chini iache 300000. Gavana (kanuni inayoamua spidi ipande au ishuke lini) iache interactive. Gavana iitwayo powersave inavutia kwa jina tu. Inabana simu kwenye spidi ya chini muda wote, na hata kufungua kamera kunakuwa adhabu.

Tuje kwenye volti zenyewe.

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/UV_mV_table

Utaona mistari 14, spidi na volti yake. Nakili yote kwenye karatasi au faili kabla ya kugusa. Kuandika kunafanywa kwa mkupuo mmoja: namba zote 14 ndani ya amri moja ya echo, kwa mpangilio uleule ulioonyeshwa. Baadhi ya kerneli huanza na spidi ndogo, nyingine huanza na kubwa. Ukigeuza mpangilio unakuwa umeipa 2265600 volti ya 300000, na simu inazima palepale. Ukitumia programu kama Kernel Adiutor hatari hiyo inapungua, lakini tabia ya kusoma jedwali tena baada ya kuandika usiiache.

Anza kwa kupunguza mV 25 kila mahali. Zikikaa, endelea na ngazi za kuanzia 960000 kwenda juu kwa mV 10 kila hatua. Ngazi za chini zinastahili upole, kwa sababu kiwandani zimeshawekwa karibu na sakafu na faida yake ni ndogo, ilhali ndizo zinazoleta kero kubwa kuliko zote: simu iko mfukoni, unabonyeza kitufe, skrini haiwaki, na inabidi ushikilie kitufe cha kuwasha mpaka ijizime. Mara nyingi chanzo ni 300000 au 422400 kukosa volti wakati kiini kinaamka. Rudisha ngazi hizo mV 15 hadi 25, mara nyingi tatizo linaondoka.

Simu ikijiwasha upya katikati ya gemu au ukifungua kamera, tazama ngazi za juu. Ikiganda bila mpangilio, chukulia kwamba ngazi za katikati ndizo zenye njaa, maana gavana hupita hapo maelfu ya mara kwa siku.

Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Prosesa inaweza kukosa volti kidogo tu, ikakosea hesabu, na simu isigande. Programu zinaanza kujifunga zenyewe, hifadhidata ya meseji inaharibika, picha inahifadhiwa ikiwa na mstari wa kijivu. Kwa hiyo kusema "haijazima tangu jana" hakutoshi. Kila ngazi ipimwe peke yake. Weka scaling_max_freq na scaling_min_freq zote kwenye spidi moja kwa viini vyote, kisha tengeneza faili la nasibu na ulihesabie alama ya md5 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili) mara nne kwa pamoja:

dd if=/dev/urandom of=/data/local/tmp/jaribio bs=1048576 count=200
for i in 1 2 3 4; do md5sum /data/local/tmp/jaribio & done; wait

Alama nne lazima zifanane herufi kwa herufi. Rudia mstari wa pili kwa dakika kumi hivi. Alama moja ikitofautiana, hata mara moja, ngazi hiyo inarudishiwa mV 10 na kipimo kinaanza upya. Wakati inakimbia, chungulia `scaling_cur_freq`: simu ikipata joto ulinzi wake hushusha spidi wenyewe, ukadhani unapima 1574400 kumbe unapima 1190400. Ukishapata volti ya mwisho inayofaulu, ongeza mV 15 juu yake ndipo uitumie. Chipu huchakaa, betri nzee huyumbisha umeme, na kwenye volti ndogo baridi nayo huongeza ugumu. Simu iliyofaulu Dar es Salaam mchana inaweza kuganda Njombe alfajiri ya Juni.

Usiweke namba zijipachike simu inapowaka hadi zimekaa siku kadhaa bila hitilafu. Hapo, kwa mwenye Magisk (programu inayotoa ruti), andika faili ndani ya /data/adb/service.d na ulipatie ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod 755`:

#!/system/bin/sh
A=/data/local/tmp/volti_alama
sleep 120
[ -f $A ] && exit 0
touch $A; sync
echo "namba zako 14" > /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/UV_mV_table
sleep 600
rm $A

Zile sekunde 120 zinakupa nafasi ya kufuta faili kabla volti hazijaguswa. Alama, yaani lile faili la volti_alama, inafanya kazi hivi: simu ikifa ndani ya dakika kumi baada ya volti kushuka, alama inabaki, na ikiwaka tena inaziacha volti za kiwandani. Neno `sync` lina maana yake. Bila hilo alama inaweza kuwa bado haijaandikwa kwenye hifadhi wakati simu inakufa. Ukiizima simu mwenyewe ndani ya dakika hizo kumi, alama itabaki pia, basi ifute kwa mkono. Mambo yakiharibika kabisa, ingia TWRP na ufute faili lenyewe.

Kupima faida kunataka uaminifu. Video iliyohifadhiwa haikuambii mengi, kwa kuwa inafunguliwa na sehemu nyingine ya chipu na viini vinalala. Tumia kazi inayochosha viini, kama hiyo md5sum, mwangaza wa skrini ukiwa umefungwa mahali pamoja, na usome `/sys/class/power_supply/battery/current_now`. Namba ni maikroampia, na alama ya kutoa au kujumlisha hubadilika kutoka simu hadi simu. Waya wa USB unachaji simu na kuharibu kipimo, kwa hiyo andika `adb tcpip 5555` kwenye kompyuta, chomoa waya, na uunganishe kwa Wi-Fi. Linganisha kabla na baada, spidi ileile, joto la betri linalokaribiana. Kwenye kipimo hicho utaona tofauti safi. Kwenye matumizi ya siku nzima itakuwa ndogo zaidi, kwa kuwa skrini na redio ya mtandao zinachukua fungu lao bila kujali prosesa.

Kwa simu za sasa mambo yamebana. Snapdragon za kuanzia 845 huendesha spidi na volti za viini kwa maunzi yake ya ndani, na kerneli haioni jedwali la kubadilisha; dari la spidi ndilo unaloweza, kupitia `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy0` na wenzake, kila kundi la viini likiwa na policy yake. Tecno na Infinix nyingi zina MediaTek, na hapo kuna msimamizi aitwaye PPM anayefuta unachoandika. Usipambane naye, mpe agizo yeye: kwenye `/proc/ppm/policy/hard_userlimit_max_cpu_freq` andika namba ya kundi la viini ikifuatiwa na spidi, mfano "0 1500000". Baadhi ya kerneli za MediaTek zina pia faili la `eem_offset` ndani ya `/proc/eem`, linaloshusha volti za kundi zima kwa pamoja. Namba ya humo si milivolti, ni hatua za kidhibiti umeme. Anayeandika -50 akidhani anapunguza mV 50 anazima simu. Anza na -2.