Yule mpelelezi wa Law & Order kumbe mwimbaji

Juzi narudia episodi za zamani za ile tamthilia ya polisi ya Marekani, Law & Order, dogo akauliza huyu mpelelezi mwenye sura ya uchovu, kila akikuta maiti lazima atupe kijembe, ni nani, nikamwambia huyo Jerry Orbach, mtoto wa Bronx, New York, na kabla ya kuwa Lennie Briscoe, huyo mpelelezi, alikuwa mtu wa jukwaani, anaimba kabisa! Alikuwepo kwenye mchezo wa nyimbo The Fantasticks ulipoanza 1960, Tony, ile tuzo kubwa ya jukwaa Marekani, akabeba 1969 kwa mchezo mwingine, Promises, Promises. Dogo kagoma, eti yule polisi aimbe? Nikamwekea ule mshumaa unaoimba kwenye katuni ya Beauty and the Beast, sauti ni yake huyo huyo, kimyaa 😂 Ubriscoe wenyewe kauanza 1992 keshapita hamsini. Kafariki Desemba 2004, saratani ya tezi dume, na macho aliyachangia, watu wawili wakapata kuona.