Kumbe Detail_Format haikuitwa hata siku moja

Jumanne jioni nipo kwenye daladala simu inaita, mama mhasibu wa saccos moja niliyowatengenezea kaprogramu ka mikopo kwenye Microsoft Access, ile programu ya kutunza kumbukumbu na kutoa ripoti. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, ile nyekundu yako haipo." Nyekundu ipi tena? "Ya waliochelewa. Ripoti nzima nyeupe, yaani humu kila mtu kalipa, ingekuwa kweli si ningefurahi."

Sasa hiyo nyekundu ilikuwa ndo fahari yangu. Mwanachama akipitisha siku 30 bila rejesho, pembeni ya jina lake linatokea neno AMECHELEWA, na kazi yote inafanywa na mistari michache ya VBA (lugha ya kuiamrisha Access) ndani ya Detail_Format, yaani ripoti ikipanga kila mstari inaangalia siku halafu inaonyesha lebo au inaificha. Kwangu niliijaribu zaidi ya mara ishirini na ilikuwa inadunda vizuri tu, kwa hiyo nikasema huyu mama atakuwa kabonyeza kitu. (Tabia mbaya hii, najua.)

Kesho yake nikaenda. Cha kwanza nilichoshuku ni ile baa ya njano inayotokea juu ukifungua faili, maana usipobonyeza Enable Content hakuna kodi (hiyo mistari ya VBA, sio ya TRA) hata moja itakayotembea na Access haikupi kosa lolote, inakaa kimya kama mtu aliyenuna. Nikaliingiza folda kwenye Trusted Locations, orodha ya sehemu ambazo Access inaziamini, nikafunga nikafungua, bado nyeupe.

Nikaenda cha pili, ambacho kimeshaniumiza huko nyuma. Kodi inaweza kuwepo kwenye moduli, safi kabisa, lakini kwenye Property Sheet (karatasi ya mipangilio) ya sekisheni hiyo ya ripoti pale kwenye On Format hapajaandikwa Event Procedure, pako wazi. Hapo kodi yako ni barua isiyo na anwani. Inatokea sana ukikopi kodi toka ripoti nyingine, au ukibadilisha jina la kontroli (lebo, kitufe na wenzake) halafu kodi ikabaki na jina la zamani. Nikacheki, limeandikwa vizuri na mabano yake ya mraba. Dah.

Basi nikafanya kile tunachofanyaga tukiishiwa akili, nikatupia MsgBox, kijisanduku cha ujumbe, mwanzoni mwa Detail_Format nione kama inaingia, nikafungua ripoti kwa Print Preview (inavyoonekana kabla ya kuprinti) kama nilivyozoea, na hapo ndo nikajua sijui, maana kijisanduku kilitokea kwa kila mwanachama, na kwa kuwa chini ya ukurasa nilikuwa nimeweka idadi ya kurasa zote, Access lazima ipange ripoti nzima kwanza ndo ijue jumla, kwa hiyo nikabonyeza Enter, Enter, Enter, mpaka mama akauliza mwanangu unapiga ngoma? Nikaokolewa na Ctrl na Break. Tumia Debug.Print jamani, inaandika pembeni kimyakimya.

Ila jibu likawa limeshaanza kuonekana, kwamba iventi, yaani tukio linaloiamsha kodi, inaitwa. Nikamwambia mama hebu fungua wewe kama unavyofunguaga. Akashika mausi, akaenda kwenye orodha upande wa kushoto, akabonyeza jina la ripoti mara mbili. Ikafunguka, hakuna kijisanduku hata kimoja, na nyekundu hakuna. Nikawa mdogo kama piritoni.

Kubonyeza mara mbili kunafungua ripoti kwa ile hali iliyowekwa kwenye Default View, na yangu ilikuwa Report View. Hii Report View ililetwa na Access 2007, ni ripoti ndefu moja unayoskroli kama ukurasa wa mtandaoni, haijakatwa kurasa. Sasa Format ni iventi ya kupanga mistari kwenye karatasi. Pasipo karatasi hakuna cha kupanga, kwa hiyo haiitwi kabisa, inaitwa kwenye Print Preview na wakati wa kuprinti tu. Haikuwa imeharibika, hakuna aliyeiita. Siku zote mi nilikuwa najaribia kwenye Print Preview, mama anatumia Report View, tunabishana kuhusu ripoti mbili tofauti.

Dawa ya haraka ni kitufe kwenye fomu chenye DoCmd.OpenReport na acViewPreview. Usiisahau hiyo acViewPreview, mi niliisahau kwenye jaribio la kwanza na ukiacha pale pawazi Access haifungui chochote kwenye skrini, inatuma moja kwa moja kwenye printa. Karatasi zikaanza kutoka kule chumba cha pili, mama anakimbia.

Kikafanya kazi, lakini mama akalalamika tena, na safari hii ana haki. Alizoea kukliki jina la mwanachama ifunguke fomu ya mkopo wake, na On Click inaitika kwenye Report View, ila kwenye Print Preview ukikliki unakuza tu maandishi. Kwa hiyo iventi moja inataka huku, nyingine inataka kule, huwezi kuwaridhisha wote. Kuna Detail_Paint ambayo inaitwa hata kwenye Report View, nikaichungulia, inaitwa hovyohovyo kila skrini ikijichora upya, nikaachana nayo.

Mwisho nikaifuta kodi yote. Lebo nikaigeuza teksti boksi ya rangi nyekundu, ndani yake nikaandika =IIf([Siku]>30,"AMECHELEWA","") basi, yaani siku zikizidi 30 andika, la sivyo acha wazi. Inaonekana kokote, haisubiri iventi. Na ile hesabu ya waliochelewa, ambayo nilikuwa naijumlishia humohumo kwenye Format, nikaihamishia chini ya ripoti kama =Sum(IIf([Siku]>30,1,0)), na hapo ndo nikagundua idadi ya zamani ilikuwa inazidi, kwa sababu Access inaweza kuupanga mstari mmoja zaidi ya mara moja, na kodi yangu ilikuwa inahesabu kila mara. Hilo sikumwambia mama, nikasema tu nimeboresha.

Jana kanipigia. Nyekundu zimerudi zote, tatizo ni kwamba ya kwanza kabisa juu ni ya mwenyekiti, na kesho kuna kikao. Anauliza kama naweza kufanya kitu.

Nimemwambia mama, hiyo sio kodi.