Nilivyoimudu rotesheni ya wodi ya watoto Kisumu

Wanafunzi wa udaktari walionitangulia walinitisha kuhusu kila rotesheni (kipindi cha mafunzo wodini) isipokuwa ya watoto. "Watoto ni rahisi," walisema. Sijui walikuwa wakizungumzia watoto gani. Mtoto wa miaka miwili hakwambii kinachomuuma, hataki umguse, na akiona tu koti jeupe anaangua kilio hadi stethoskopu haikusaidii kitu.

Nilikuwa hospitali ya Jaramogi, au Russia, kama wenyeji wa Kisumu wanavyoiita kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mwambie mtu wa boda "Russia" na hatakuuliza swali la pili. Mimi nimekulia Nakuru, kwenye baridi, ambako malaria ilikuwa hasa ya kusoma darasani. Huku ziwani ndiyo kazi yenyewe. Anakuja mtoto ana homa, amepauka, anahema haraka, na unatakiwa kuamua upesi kama ni malaria kali, nimonia, au vyote viwili pamoja.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni viganja. Unashika kiganja cha mtoto, unakilaza kando ya cha mama yake, unaangalia kama kimepauka, yaani kama damu imepungua. Sista mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyenionyesha, na alinionyesha pia kwamba ukianza na mkono wa mama, mtoto anatulia kwa sababu anadhani mgonjwa ni mama. Ukweli ni kwamba kwa mambo ya mikono (kushika mshipa mdogo, kuweka kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, kupima matone ya damu anayoongezewa mtoto) masista walinifundisha kuliko kitabu chochote. Mwanafunzi anayewapita bila salamu anajinyima mwenyewe.

Kilichonipa shida ni raundi, madaktari wanapopita kitanda hadi kitanda. Aliyemklaki mgonjwa, yaani aliyempokea na kuandika habari zake, ndiye anayemwasilisha: umri, uzani, shida iliyomleta, historia, ulichokuta, majibu ya maabara, mpango. Daktari bingwa anasikiliza, halafu anauliza jambo moja ambalo hukulifikiria. Kwa nini mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa artesunati, sindano ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo na mkubwa anapewa 2.4? Nilikwenda kusoma: miili ya watoto wadogo inaiondoa dawa haraka, kwa hiyo ukitumia kipimo cha wakubwa dawa inakuwa kidogo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo huo mwaka 2015. Tangu hapo kila mgonjwa wangu alikuwa na nusu ukurasa kwenye daftari la mfukoni, na uzani ndio uliotangulia, kisha saa ya sindano ya kwanza, kwa sababu inayofuata ni baada ya saa 12 na nyingine baada ya saa 24, ndipo mtoto akiweza kumeza anamalizia na vidonge vya siku tatu.

Lakini daftari halikunisaidia kama mchana ulivyonisaidia. Raundi ikiisha, wenzangu wengi walikwenda maktaba. Mimi nilibaki wodini. Asubuhi kitanda kimezungukwa na makoti meupe, mama anajibu alichoulizwa na kunyamaza. Saa nane hivi, amekula, mtoto amelala, anazungumza.

Kulikuwa na nyanya aliyemleta mjukuu aliyevimba vidole vya mikono na miguu. Asubuhi nilimwuliza kama kuna ugonjwa wowote katika familia, akasema hakuna. Mchana nikaketi naye, nikamwuliza habari za nyumbani, za mahindi, ndipo nikasema, "Nyanya, hivi vidole vimewahi kuvimba siku nyingine?"

"Vinavimba baridi ikija, mwanangu. Hata kaka yake alikuwa hivyohivyo, yule tuliyemzika."

Nikampigia simu rejista, daktari anayesomea ubingwa, na sampuli ya damu ikaenda maabara jioni hiyohiyo. Ilikuwa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto kama huyo anahitaji penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, asidi ya foliki, kinga ya malaria na kliniki isiyokoma. Wengine huanzishiwa dawa ya hidroksiyurea. Kwa nini alisema hakuna? Kwa sababu kwake huo haukuwa ugonjwa wa familia, ulikuwa watoto wawili waliougua. Siku hizi siulizi "ugonjwa wa familia". Nauliza: amezaliwa wa ngapi, wengine wako wapi, wanaendeleaje.

Dawa pia haziulizwi mara moja tu zikajulikana. Nilikuwa nikiomba kuona mfuko. Ndani hutoka kijitabu cha mama na mtoto chenye uzani na chanjo, na mara nyingi kikaratasi cha duka la dawa chenye vidonge viwili vilivyobaki. Hapo unaelewa kwa nini homa ilishuka, kisha ikarudi.

Kuna mtoto alifariki zamu yangu ya usiku. Sina mengi ya kusema. Rejista alizungumza na wazazi, mimi nikasimama kando yake, kisha akaniambia niende nikanywe chai na nirudi, kwa kuwa kitanda cha pili kulikuwa na mtoto anayeongezewa damu wa kuangaliwa. Nikarudi. Kesho yake nilimsimulia mwenzangu wa chumba, na hilo nalihimiza: tafuta mtu wa kumsimulia, tena wa kozi yako, ambaye hutalazimika kumweleza kila kitu.

Na viatu. Wanaoingia wodini muhula ujao, nendeni soko la Kibuye mapema mtafute vyenye soli nene na vinavyofutika kwa kitambaa, maana raundi ni ndefu na watoto hutapika bila kutoa taarifa.